Kwa Nini Luteni Jenerali Humzidi Meja Jenerali: Asili na Maana ya Neno Luteni

Ngazi ya vyeo vya maafisa katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania huanza na Luteni Usu, ikapanda kwa Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia Jenerali, Meja Jenerali na Luteni Jenerali, hadi kufika kileleni kwa Jenerali. Anayeisoma ngazi hiyo kwa makini hukutana na jambo linaloonekana kupingana na akili. Meja yuko juu ya Luteni kwa ngazi mbili, wala hakuna luteni awezaye kumpa meja amri. Lakini maneno hayo hayo mawili yakitangulizwa mbele ya neno Jenerali, mpangilio hugeuka: Luteni Jenerali ndiye mkubwa, na Meja Jenerali ndiye anayempigia saluti. Ilikuwaje aliye mdogo chini awe mkubwa juu?

Hili si kosa la aliyetafsiri vyeo kwa Kiswahili, maana lipo vilevile katika majeshi ya Kenya, Uingereza, Marekani na Ujerumani. Mzizi wake umo katika neno moja la Kiingereza, ambalo Waingereza nao waliazima, na katika neno la pili lililofutwa njiani karne nyingi zilizopita. Lile lililobaki ni luteni, na inafaa kuanza nalo, kwa kuwa akishalielewa mtu sawasawa, sehemu kubwa ya ngazi ya vyeo hujieleza yenyewe.

Luteni ni sura ya Kiswahili ya neno la Kiingereza lieutenant, ambalo liliingia katika lugha hiyo katika karne ya 14 kutoka Kifaransa. Wafaransa walikuwa wameliunda kwa maneno mawili: lieu, yaani mahali, linalotokana na neno la Kilatini locus, na tenant, yaani mwenye kushika, linalotokana na kitenzi cha Kilatini tenere. Luteni basi ni mshika mahali, mtu aliyewekwa penye nafasi ya mwingine ili kazi ya huyo mwingine isisimame. Kilatini chenyewe kilikuwa na usemi wa namna hiyo, locum tenens, na hadi leo daktari anayeshika zamu ya mwenzake huitwa locum nchini Uingereza na katika hospitali za Kenya. Neno tenant nalo, likiwa peke yake, ndilo jina la mpangaji wa nyumba kwa Kiingereza, kwa maana anashika mahali ambapo si pake. Hakuna chochote cha kivita katika mizizi hii: hakuna silaha, hakuna askari, hakuna hata wazo la cheo. Lililomo ni uwakilishi tu.

Msomaji wa Kiswahili ana njia fupi ya kulielewa neno hili kuliko Mwingereza, kwa sababu lugha yetu ina maneno mawili yaliyozaliwa na wazo hilo hilo. Kwa Kiarabu, anayekaa mahali pa mwingine huitwa qaim maqam, yaani asimamaye mahali. Waturuki wa Dola ya Uthmaniya walilichukua jina hilo wakalifanya kaymakam, wakalitumia katika utawala na jeshini pia. Upande wa jeshi, kaymakam alikuwa afisa aliyelingana na luteni kanali. Nchini Uturuki leo cheo cha kijeshi kimepata jina jingine, lakini kaymakam bado ni mkuu wa wilaya anayeiwakilisha serikali kuu. Sisi tulilipokea neno hilo likiwa vipande viwili. Qaim likawa kaimu, anayeshika nafasi kwa muda mpaka mwenyewe arudi au ateuliwe mwingine. Maqam likawa makamu, aliyewekwa rasmi kuwa wa pili na ambaye cheo chake ni hicho hicho cha kuwa wa pili. Kiingereza hakikuitenga mipaka hiyo miwili. Luteni wa zamani aliweza kuwa kaimu leo na makamu kesho, na ilitegemea aliyemtuma alitaka nini.

Hapo ndipo penye ufunguo wa ngazi nzima. Ukubwa wa makamu haupimwi kwa neno makamu, bali kwa yule ambaye yeye ni makamu wake. Makamu wa Rais anamzidi waziri, na mwenyekiti wa tawi la chama hamfikii makamu mwenyekiti wa taifa, ijapokuwa mmoja ana jina kamili la mwenyekiti na mwenzake anaitwa makamu. Vivyo hivyo luteni akiwa peke yake ni mdogo kwa sababu aliyeshikiwa mahali alikuwa kapteni. Luteni Kanali ni mkubwa zaidi kwa sababu aliyeshikiwa mahali ni kanali. Luteni Jenerali ni mkubwa kuliko hao wote kwa sababu anayesimama nyuma yake ni jenerali mwenyewe.

Kabla ya kuwa cheo cha kijana aliyetoka chuoni, neno hili liliwahusu watu wazito mno. Mwaka 1429, Jeanne d'Arc, msichana wa Kifaransa aliyeongoza askari vitani, aliwapelekea barua Waingereza waliokuwa wameuzingira mji wa Orléans, akiwataka waondoke katika ardhi ya Ufaransa, na katika barua hiyo aliwataja Earl wa Suffolk, John Talbot na Lord Scales kuwa ni watu wanaojiita maluteni wa Duke wa Bedford. Hao walikuwa makabaila wenye majeshi yao, na Bedford naye alikuwa akitawala kwa niaba ya Mfalme Henry VI aliyekuwa bado mtoto, kwa hiyo walikuwa washika mahali wa mshika mahali. Maana hiyo haijafa. Uingereza tangu enzi za wafalme wa ukoo wa Tudor ina afisa anayeitwa Lord Lieutenant, mwakilishi wa mfalme katika kila jimbo, ambaye zamani alikuwa na wajibu wa kukusanya wanamgambo na leo kazi zake ni za heshima. Ireland ilitawaliwa na afisa mwenye jina hilo hilo hadi mwaka 1922. Kila jimbo la Kanada lina luteni gavana anayemwakilisha mfalme, na majimbo mengi ya Marekani yana luteni gavana aliye makamu wa gavana. Wote hao hawana uhusiano na gwaride. Katika pwani yetu, liwali wa Mombasa aliyekaa mjini kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar alikuwa luteni kwa maana hii ya kale, ingawa jina lake lilitoka katika neno tofauti la Kiarabu.

Neno lilihamia jeshini kupitia kombania. Katika Ulaya ya karne za 15 na 16, kombania ilikuwa karibu sawa na mali ya mtu. Kapteni, ambaye jina lake linatokana na neno la Kilatini caput, yaani kichwa, aliwaajiri watu kwa fedha alizopewa na mfalme au kwa fedha zake, akawalisha, akawapa silaha na akawaongoza vitani. Mtu mwenye mali na hadhi hakukaa kambini mwaka mzima. Alikuwa na mashamba, kesi mahakamani na shughuli za ikulu. Alihitaji mtu wa kushika mahali pake, naye ndiye aliyekuwa luteni wa kombania. Chini ya hao wawili palikuwa na sajini, ambaye jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mtumishi, na kazi yake ilikuwa kuwapanga askari safu kwa safu na kuhakikisha nidhamu. Naomba msomaji aushike mpangilio huu wa watatu, kapteni, luteni na sajini, kwa sababu utarudi mara mbili, na kila unaporudi unaeleza jambo.

Mara ya kwanza ni katika rejimenti. Kadiri majeshi yalivyokua katika karne ya 16, kombania kadhaa ziliunganishwa chini ya mkuu mmoja. Waitalia walimwita colonnello, mkuu wa safu, kutokana na neno lao lenye maana ya nguzo. Wafaransa waliligeuza kuwa coronel kwa muda, na Waingereza wakaishia na tahajia ya Kiitalia na matamshi yanayofuata ile sura ya Kifaransa, ndiyo maana wanaandika l mahali wanapotamka r. Kiswahili kilisikia matamshi yao kikaandika kanali. Kanali alikuwa na rejimenti kwa namna ile ile kapteni alivyokuwa na kombania. Katika jeshi la Uingereza rejimenti iliitwa kwa jina la kanali wake hadi mwaka 1751, amri ya mfalme ilipoagiza zitambulishwe kwa namba, na kanali alipokea fedha za kuwavisha askari wake, fedha ambazo mara nyingi ziliacha faida mfukoni mwake. Wengi wa makanali hao walikuwa majenerali au makabaila waliokuwa na kazi nyingine mbali na kambi. Aliyekuwa na askari mvuani, aliyewatoa kwenda vitani na kuwarudisha waliosalia, alikuwa makamu wake, yaani Luteni Kanali.

Hali hiyo iliacha alama inayoonekana hadi leo. Katika jeshi la Uingereza, batalioni huongozwa na Luteni Kanali, na ndivyo ilivyo Marekani na katika majeshi mengi yaliyofuata mfumo huo. Kwa maneno mengine, cheo ambacho jina lake linasema ni cha naibu ndicho cheo cha mkuu wa kikosi, kwa kuwa mwenye nafasi alishazoea kutokuwepo mpaka nafasi yake ikawa ya heshima. Naona hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika historia ya neno hili: jina linaendelea kumtaja mtu aliyeondoka zamani. Hata katika mazungumzo, Luteni Kanali huitwa kanali tu, na Luteni Jenerali huitwa jenerali, kama ambavyo kaimu mkurugenzi huitwa mkurugenzi na walio chini yake siku anapokalia kiti. Tanzania imewahi kuwa na Amiri Jeshi Mkuu aliyepitia cheo hiki: Rais mstaafu Jakaya Kikwete alistaafu jeshini mwaka 1992 akiwa Luteni Kanali.

Katika rejimenti hiyo hiyo, chini ya kanali na luteni kanali, palikuwa na afisa wa tatu, na hapa ndipo linapoingia neno lililofutwa. Kama kombania ilivyokuwa na sajini wa kupanga safu, rejimenti nzima ilihitaji mtu wa kuzipanga kombania zote katika uwanja wa vita, kuamua nani asimame wapi na kugawa zamu za ulinzi. Aliitwa sajini meja, yaani sajini mkubwa, kwa kuwa meja linatokana na neno la Kilatini maior lenye maana ya mkubwa zaidi. Ndilo lililozaa pia neno la Kiingereza ambalo kwetu limekuwa meya. Sajini meja wa wakati huo hakuwa askari wa ngazi ya chini. Alikuwa afisa mwenye kamisheni, wa tatu katika rejimenti. Katika karne ya 17 Waingereza walianza kulikata jina lake, labda kwa kuwa neno sajini lilimshusha mtu wa hadhi hiyo, wakabakiza sifa peke yake: meja. Baadaye jina sajini meja lilipata kazi mpya, likapewa askari mwandamizi asiye na kamisheni ambaye sauti yake husikika gwarideni hadi leo. Kwa hiyo meja na sajini meja, ambao kwa sasa wanatenganishwa na mpaka mkubwa kabisa jeshini, yaani ule wa kamisheni, walianza wakiwa jina moja la mtu mmoja.

Mara ya pili ni katika jeshi zima. Neno jenerali halikuwa nomino mwanzoni. Lilikuwa kivumishi chenye maana ya -a wote au -a jumla, na kwa utaratibu wa Kifaransa likafuata nomino yake, kama linavyofuata katika jina la Kiingereza la Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Attorney General. Mkuu wa jeshi zima alikuwa Kapteni Jenerali, kapteni wa wote. Makamu wake alikuwa Luteni Jenerali. Wa tatu, mpanga safu wa jeshi zima, alikuwa Sajini Meja Jenerali.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 1645. Bunge la Uingereza lilikuwa vitani na Mfalme Charles I, na katika mwaka huo liliunda jeshi jipya lililojulikana kwa jina la New Model Army. Sir Thomas Fairfax alipewa uongozi wa jeshi hilo akiwa Kapteni Jenerali. Oliver Cromwell aliongoza askari wa farasi akiwa Luteni Jenerali. Philip Skippon aliongoza askari wa miguu akiwa Sajini Meja Jenerali. Wote watatu walikuwepo katika mapigano ya Naseby tarehe 14 Juni 1645, siku ambayo jeshi la mfalme lilivunjwa nguvu, na katika vyeo vyao mtu anaona bayana kile ambacho ngazi ya leo imekificha: kapteni, kisha luteni, kisha sajini, mpangilio ule ule wa kombania, ila kila mmoja ameongezewa neno la kuonyesha kwamba mamlaka yake yanalihusu jeshi lote. Hapakuwa na kupingana hata kidogo. Luteni alimzidi sajini katika kombania, na Luteni Jenerali alimzidi Sajini Meja Jenerali katika jeshi.

Mkanganyiko ulikuja majina yalipofupishwa. Kapteni Jenerali alipoteza neno kapteni, akabaki Jenerali. Sajini Meja Jenerali alipoteza neno sajini, akabaki Meja Jenerali. Ni Luteni Jenerali peke yake aliyebaki na jina lake zima, kwa kuwa kulikata kungemfanya aitwe jenerali sawasawa na mkubwa wake. Kufikia mwaka 1655, Cromwell akiwa mtawala wa nchi aliigawa Uingereza na Wales katika mikoa na kuiweka chini ya maafisa ambao historia inawajua kwa jina la Meja Jenerali, na sajini alikuwa ameshasahauliwa. Tangu hapo msomaji yeyote anayelinganisha meja na luteni analinganisha neno zima na kipande cha neno. Meja aliye katika Meja Jenerali si yule meja wa rejimenti aliyepandishwa; ni sajini wa jeshi zima aliyebakiwa na sifa yake bila jina lake.

Majeshi mengine ya Ulaya yalichukua ngazi hiyo pamoja na kasoro yake. Wajerumani wana Generalmajor chini ya Generalleutnant. Wabelgiji wana mpangilio huo huo, na kwa njia ya ukoloni ukafika Kongo na Burundi, ambako jenerali meja bado yuko chini ya luteni jenerali. Wafaransa, ambao ndio waliolizaa neno lenyewe, waliachana nalo kwenye ngazi za juu. Mapinduzi yao yaliwaita majenerali kwa ukubwa wa kundi wanaloliongoza, jenerali wa brigedi na jenerali wa divisheni, na ndivyo wanavyoitwa leo. Kwa maoni yangu utaratibu wa Wafaransa ni bora kwa mgeni, kwa sababu cheo kinasema kazi. Brigedia Jenerali wa Tanzania anatokana na njia hiyo hiyo ya kufikiri, kwani jina lake linataja brigedi. Kenya inamwita Brigedia tu, kama Waingereza wanavyofanya sasa.

Wamarekani walikutana na tatizo la aina yake. George Washington alifariki mwaka 1799 akiwa Luteni Jenerali, cheo alichopewa mwaka uliotangulia wakati nchi ilipohofia vita na Ufaransa. Wakati huo hapakuwa na aliye juu yake. Lakini jeshi lilikua, majenerali kamili wakateuliwa, na kadiri miaka ilivyopita orodha ya watu waliomzidi mwasisi wa taifa kwa cheo ikazidi kuwa ndefu. Mwaka 1976, taifa lilipokuwa likiadhimisha miaka 200 ya uhuru, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumpandisha cheo baada ya kifo chake, ikiagiza kwamba asiwepo afisa wa kumzidi, wa zamani wala wa sasa.

Yupo pia luteni wa baharini, na huyu huwapotosha hata wanajeshi wa nchi kavu. Katika Jeshi la Wanamaji la Uingereza, luteni ni sawa na kapteni wa jeshi la nchi kavu, na kapteni wa meli ni sawa na kanali. Sababu ni kwamba meli kubwa ya kivita ilibeba mamia ya watu, idadi ya kujaza rejimenti, lakini ilikuwa na kapteni mmoja tu. Makamu wa mtu huyo alikuwa na dhima nzito kuliko makamu wa kombania. Dhima hiyo ndiyo iliyomfanya Samuel Pepys, aliyekuwa akisimamia utawala wa jeshi hilo, kuanzisha mwaka 1677 mtihani ambao kila aliyetaka uluteni alilazimika kuufaulu. Jeshi la nchi kavu liliendelea kuuza vyeo kwa fedha hadi mwaka 1871, lakini uluteni wa baharini ulihitaji mtu ajue kuendesha chombo, kwa kuwa bahari haikujali ukoo wa mtu.

Katika mageuzi ya mwaka huo wa 1871 ndipo Uingereza ilipoondoa vyeo vya chini kabisa vya maafisa vilivyoitwa kwa majina ya bendera zilizobebwa vitani, na nafasi yake baadaye ikachukuliwa na luteni wa daraja la pili. Huyo ndiye Luteni Usu wa Tanzania, cheo ambacho maafisa wapya hutunukiwa wanapopewa kamisheni Monduli na Amiri Jeshi Mkuu. Kwa maana ya asili, Luteni Usu hashiki mahali pa mtu yeyote. Ana platuni yake na madaraka yake. Neno limesafiri mbali mpaka likaacha mzigo wake njiani.

Matamshi nayo yana kisa chake. Waingereza huandika lieutenant na kutamka kana kwamba kuna f katikati, leftenanti; Wamarekani hutamka lutenanti. Maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba zamani herufi u na v ziliandikwa kwa sura moja, hivyo wasomaji wakaisoma u ya lieu kama v, kisha ikawa f. Wataalamu wa historia ya Kiingereza hawaridhiki na maelezo hayo, kwa kuwa watu wengi waliolitamka neno hili hawakuwa wakilisoma popote, na tahajia zenye f zinaonekana katika maandishi ya zamani sana, Uskoti na Uingereza. Wengine wanaamini kwamba masikio ya Kiingereza yalisikia mguso wa f mwishoni mwa silabi ya kwanza ya Kifaransa. Mwaka 1791 mtunzi wa kamusi John Walker alieleza matamshi yenye f na yenye v, akatumaini kwamba siku moja yatalingana na maandishi. Uingereza haikumsikiliza. Marekani, ambako mtunzi wa kamusi Noah Webster alipigania matamshi yafuate maandishi, ilikwenda njia hiyo. Kanada imebaki na f jeshini licha ya ujirani wake. Kiswahili hakina f hiyo: ingawa maafisa waliotawala Afrika Mashariki walitamka kwa namna ya Kiingereza cha Uingereza, luteni wetu anasikika karibu na wa Marekani na karibu zaidi na Leutnant wa Wajerumani.

Neno liliingia Afrika Mashariki kama jina la watu wengine, na jambo hili halistahili kupitwa haraka. Hermann von Wissmann alipokuja mwaka 1889 kuliunda jeshi la Wajerumani, askari wake wa mwanzo wengi walikuwa Wasudani walioajiriwa Misri, nao walikuja na vyeo vya Kituruki: ombasha, shaushi, soli na efendi. Maafisa wa Kijerumani walikuwa na Leutnant na vyeo vilivyo juu yake. Waafrika walikuwa na ngazi ya pembeni yenye majina tofauti. Paul von Lettow-Vorbeck aliwasili mwaka 1914 akiwa luteni kanali, akapigana katika Vita Kuu ya Kwanza na jeshi la Waingereza ambalo mwaka 1916 liliongozwa na Luteni Jenerali Jan Smuts, na maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita hivyo kwa silaha, njaa na maradhi, wakiwemo wapagazi wa pande zote mbili, hawakuwa na nafasi hata moja katika ngazi hiyo ya maafisa.

Kwa Waingereza hali ilikuwa hiyo hiyo. King's African Rifles, jeshi lao la kikoloni la askari wa Kiafrika, iliundwa mwaka 1902, na kwa zaidi ya nusu karne Mwafrika aliyeitumikia, hata kama alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, alisimama kwenye vyeo vya sajini na sajini meja. Luteni wa miaka 20 aliyetoka Uingereza alimwamuru sajini mwenye umri wa baba yake. Katika miaka ya 1950, kwa kuiga utaratibu wa jeshi la India, kiliwekwa cheo cha efendi kwa Waafrika, juu ya sajini meja na chini ya luteni wa chini kabisa wa Kiingereza. Neno hilo la Kituruki, lenye asili ya Kigiriki na maana ya bwana, limebaki kwetu katika wito wa heshima wa afande. Idi Amin alipewa cheo cha efendi mwaka 1959, na mwaka 1961 akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kuwa maluteni. Miaka 14 baadaye alijitangaza Field Marshal.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, batalioni ya 6 ya King's African Rifles ilibadilishwa jina ikawa Tanganyika Rifles, lakini maafisa wake wengi walibaki kuwa Waingereza. Miongoni mwa madai ya askari walioasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, pamoja na nyongeza ya mshahara, lilikuwemo la kuondolewa kwa maafisa hao na nafasi zao kushikwa na Waafrika. Uasi ulizimwa na makomandoo wa Uingereza kwa ombi la serikali, Tanganyika Rifles ikavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaanzishwa, Mrisho Sarakikya akiwa Mkuu wake wa Majeshi wa kwanza. Askari walikuwa wapya, kiapo kilikuwa kipya na jina la jeshi lilikuwa jipya, lakini ngazi ya vyeo iliyorithiwa iliendelea kutumika. Mnadhimu Mkuu, ambaye ndiye wa pili kwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi mwenye cheo cha Jenerali, kwa kawaida huwa Luteni Jenerali.